Kijitumbo

Hakina mdomo. Nianzie hapo.
Hakina mdomo wala njia ya kutokea,
kimejifumba pande zote kama yai la mjusi
ndani ya tone la ute mzito,
ghorofa ya pili, Upanga, kabati la joto namba tatu,
nyuzijoto thelathini na saba usiku na mchana:
joto la mtu ambaye hayupo.

Kwenye kisahani tumeandika U-17.
Daktari Lwitiko hukiita sampuli.
Mimi, nikibaki peke yangu zamu ya usiku,
hukiita wewe.

Kila baada ya siku mbili nafyonza maji ya zamani, natia mapya,
mekundu mepesi, kama juisi ya choya
iliyoongezwa maji kwa sababu wageni wamezidi.
Chini ya hadubini kimeota vidole kama tangawizi
na kila chembe inajua zamu yake:
hii inyonye, hii itoe ute, hii ife ipishe nyingine.
Nani kazifundisha? Mimi nimelisha tu.

Kilitoka kwa Mbaraka, miaka mitatu wakati huo,
utumbo wake ulipojisokota kama kamba ya ndoo.
Wakakata shubiri moja. Sisi tukaomba punje,
punje hasa, ya mtama.
Mama yake, Siwema, akatia dole gumba kwenye fomu,
akauliza jambo moja:
na iliyobaki mnaitupa wapi?

Masika, Alhamisi, umeme ukakatika.
Jangwani maji yamefunga barabara,
jenereta ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.
Nilisimama gizani na kipimajoto:
mimi tumbo joto,
chenyewe kinapoa.
Thelathini na sita. Thelathini na nne.
Fundi Nyambuli alifika amelowa hadi kiunoni,
hakutoa salamu, aliuliza dizeli iko wapi.

Mwaka uliofuata Siwema alikuja na mwanawe,
fomu imekunjwa mara nane kibindoni.
Kinakula nini? Sukari, nikasema, chumvi, na vitu vingine.
Kinashiba?
Nina shahada mbili. Sikuwa na jibu.
Kinaumwa? Hakina mishipa ya fahamu, mama.
Akaguna. Mimi utumbo naujua, akasema,
nauza supu Kigogo mwaka wa tisa huu,
naugeuza ndani nje, nasugua kwa chumvi na ndimu,
mkunjo kwa mkunjo, mpaka maji yakubali kuwa maji.
Nionyeshe.

Aliinama kwenye hadubini muda mrefu.
Umeuosha vizuri, akasema.

Mbaraka naye akainuliwa, akachungulia jicho moja.
Povu, akasema. Akaomba kushuka.

Sikumwambia mama yake tunachokifanya siku za Jumanne.
Tunakipa sumu ya kipindupindu.
Kwa mtoto wa Tandale maji hukimbilia nje
mpaka macho yazame na ngozi isimame ukiifinya.
Hapa hakuna nje. Maji hukimbilia ndani,
kijitumbo huvimba, huvimba,
duara linalong'aa, jembamba,
halafu hupasuka bila sauti.
Nimepasua mamia. Nimeyahesabu kwa kalamu.

Dawa ya kwanza, kimepasuka. Ya tisa. Ya thelathini na moja.
Ya arobaini na mbili, saa tisa usiku,
kimekaa vilevile, vidole vyake vya tangawizi vimetulia
kama hakikutiwa kitu.
Nikadhani nimesahau sumu. Nikarudia.
Nikarudia kwa kisahani kingine.
Sikupiga kelele. Pengine kesho kitapasuka.
Niliandika tarehe, nikanawa mikono, nikanawa tena.

Alfajiri nilishukia Kigogo.
Siwema alinijazia bakuli, taulo nyingi kuliko mchuzi,
akanikatia ndimu.
Hajambo? akauliza.
Mbaraka alikuwa pale pale, anamenya ndizi za kuchemsha,
kwa hiyo si yeye aliyeulizwa.

Hajambo, nikajibu.

Amekula?

Jana jioni, nikasema,
nikaipuliza supu, nikanywa.